Pete ya Hamsini na Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani anayejiheshimu hapokei vipimo kwa simu. Mteja akinipigia kuniambia kiuno chake ni thelathini na mbili, namjibu alete kiuno chenyewe hapa Nyamirambo nikizungushie futi. Watu hudanganya vipimo. Wengine hudanganya kwa makusudi, wengine walipimwa mara ya mwisho kabla ya kuzaa, na wengine walisoma futi upande wa inchi wakadhani ni sentimita. Nimewarudisha mlangoni watu wazima wenye heshima zao kwa sababu hiyo, tena bila aibu. Ninalisema hili mapema ili ieleweke kwamba yaliyonipata hayakutokana na ujinga. Nilikuwa na miaka kumi na minane kazini, na futi shingoni.

Niliolewa Rwanda nikitokea Kigoma. Mume wangu ni dereva wa lori, kila siku yuko njiani baina ya Kigali na bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo mtu ninayeishi naye hasa ni baba yake. Huku ukweni ipo desturi ya zamani: mke hatamki jina la baba mkwe wake. Wengi wameiacha. Mimi niliishika, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa sababu niliona ina faida, maana mtu usiyeweza kumtaja jina ni vigumu kumsengenya ukafaidi. Humu pia simtaji, na ili asije akasema nimemwonea, simtaji mtu mwingine yeyote.

Mzee huyu alikulia Bujumbura, ambako wazazi wake walikimbilia, na huko alikuwa na studio ya picha. Familia iliporudi Rwanda, kamera yake ilikwisha kufa, ikaachwa. Lenzi akakataa kuiacha. Aliifungasha ndani ya soksi ya sufi, akaipakata njia nzima, na mpaka leo inalala ndani ya soksi hiyohiyo, kwenye droo ambayo mimi naruhusiwa kuifuta vumbi kwa nje tu. Picha ya mwisho aliyopiga kwa lenzi hiyo iko ukutani sebuleni kwetu. Ni ya binti yake, wifi yangu ambaye sikumkuta, siku ya gusaba yake, yaani siku ukoo wa bwana harusi unapokuja kumwomba bibi harusi kwao. Amevaa mshanana, vazi la sherehe la huku, wa rangi ya maziwa, kitambaa kimepita begani, na hatazami kamera. Anamtazama aliyeishika. Wifi alifariki akiacha binti mdogo, na binti huyo ndiye aliyekuwa sasa anaombwa.

Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilicheleweshwa mpaka presha ya ndani ya jicho ikaliua. Halioni kitu zaidi ya mwanga wa dirisha. Daktari alisema la kulia bado linaokoleka, kazi ya asubuhi moja tu, lakini presha imeanza kupanda na huko pia, na haina subira. Akapangiwa siku. Siku ilipofika mzee akasema ana kikohozi. Akapangiwa nyingine. Siku hiyo nilimtafuta nyumba nne, nikamkuta kwa kinyozi, anatengenezwa ndevu ambazo zilikwisha kutengenezwa juzi yake. Nilipomkalisha chini na kumuuliza anaogopa nini, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, ambako lenzi huitwa objektifu, bila kuzunguka.

"Mukazana," akasema, ndivyo wanavyomwita mke wa mwana, "ile jicho iko moja. Kama watakosea, sitaona tena. Kwanza nimupige foto ule mutoto, kama vile nilimupiga mama yake. Na objektifu ileile. Kisha wanifanye kile wanataka."

"Na gusaba ikipita hujampiga?"

"Basi nitabakia hivi."

Gusaba ilikuwa Jumamosi. Daktari alikubali Jumatatu inayofuata, na muuguzi akaniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa mpole, kwamba safari hii tukikosa tusirudi kulia. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Lenzi ikipanda kwenye kamera, jicho linapona. Isipopanda, mzee anabaki gizani, na mume wangu akirudi ataniuliza mimi.

Kamera nilikuwa nayo. Niliichukua kwa Mkenya mmoja aliyekuwa anarudi kwao, niwe napiga picha mishanana yangu na kuiweka mtandaoni. Ni kamera ya kisasa, na ilikuja na lenzi yake nzuri tu, inayojitafutia umbali yenyewe hata ukiwa unasinzia. Nilimwambia mzee atumie hiyo. Akaipapasa, akaigonga kwa ukucha, ikalia kiplastiki.

"Hii ni kikombe ya yawurti," akasema, yaani kikopo cha mtindi, akanirudishia.

Alhamisi nikaomba soksi. Nikaivua lenzi ile, nzito, ya chuma, yenye baridi, nikaigeuza nyuma na kuizungushia futi kwenye ule mdomo unaoingia kwenye kamera. Nikapima na mdomo wa kamera. Vilikuwa sawasawa, kama sentimita nne na nusu, na mimi jicho langu halikosei milimita. Nikacheka peke yangu. Nikaipachika, nikasukuma, nikazungusha. Ikasaga.

"Wacha!" mzee akapiga kelele kutoka kitini, haoni kitu lakini masikio mazima. "Utavunja meno yake!"

Na kweli ilikuwa na meno. Nilipoichunguza vizuri niliona vipande vitatu vya chuma vinavyochomoza pembeni, na kwenye mdomo wa kamera nafasi tatu za kuvipokea, ila za kamera zilikatwa mahali pengine. Mimi ningepaswa kulielewa hilo kabla ya mtu yeyote. Zipu mbili huwa na urefu mmoja, upana mmoja na rangi moja, na bado kichwa cha hii hakipandi kwenye meno ya ile, hata ukikipaka sabuni. Nimewaeleza wateja jambo hilo mara ngapi? Kampuni iliyotengeneza lenzi ya mzee ilikata meno yake, iliyotengeneza kamera yangu ikakata ya kwake, makusudi, ili ukishaingia kwao usitoke. Kupima kipenyo hapo ni kujifurahisha tu.

Nilikumbuka kusikia kwamba zipo pete za kuunganisha, upande mmoja una meno ya kamera, wa pili una nafasi za lenzi. Kilichobaki ni kujua saizi. Nikaitazama lenzi kwa mbele, kuzunguka kioo, nikakuta maandishi: hamsini, halafu moja nukta nane, halafu kiduara kilichokatwa kwa mstari, na pembeni yake hamsini na mbili. Kiduara kilichokatwa kwa mstari nakifahamu, ni alama ya kipenyo. Basi, nikajua kila kitu. Lenzi hii ni saizi ya hamsini na mbili, kama vile shati linavyokuwa la shingo arobaini. Kwamba nyuma nilipima arobaini na tano na mbele pameandikwa hamsini na mbili halikunisumbua. Nilidhani wameacha nafasi ya kupumulia, kama tunavyoacha sisi kwenye kiuno.

Sikumuuliza mwenye lenzi. Alikuwa amekaa hatua tano kutoka nilipokuwa, mtu aliyekula na kusomesha watoto kwa lenzi hiyo, na mimi nikaandika 52 kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nikakitia kwenye sidiria, nikaona nimemaliza.

Ijumaa asubuhi nilimwomba lenzi niende nayo dukani. Akaikumbatia. "Objektifu haipande moto," akasema, moto maana yake zile pikipiki za abiria. Kwa hiyo nilipanda mimi, na kofia ngumu iliyonukia nywele za watu, nikaenda Remera kutafuta pete ya lenzi, nikiwa na kamera mkobani na lenzi yenyewe nimeiacha nyumbani. Nilikwenda na vipimo, mwili sikwenda nao. Hata sikujishtukia.

Duka lilikuwa la mwanamume mwenye miwani, makini, vitu vyake vimepangwa ukutani kama dawa. Nikampa kamera.

"Ile renzi yenyewe iko wapi, mama?"

"Iko nyumbani."

"Iko na maunti gani?"

Maunti nilielewa kuwa ndio mdomo wa kupachikia. Nikatoa karatasi yangu. "Hamsini na mbili," nikasema, kwa sauti ninayotumia kuwaambia wateja kwamba wamenenepa.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani aliona futi shingoni mwangu, maana nilisahau kuivua, akaona huyu si mtu wa kubishana naye. Akatafuta kwenye boksi, akatoa pete nyeusi. Upande mmoja ulikuwa na meno ya kamera yangu. Wa pili ulikuwa na mizunguko myembamba kama ya shingo ya chupa, na pameandikwa, kwa rangi nyeupe isiyo na shaka yoyote, hamsini na mbili. Akaipachika kwenye kamera. Ka! Ikashika. Sauti tamu kama ile ya kifungo cha kubana kikikutana na mwenzake.

"Unataka kupiga tududu?" akaniuliza.

"Tududu gani?"

"Tududu, tumaua. Hii pete watu wanaichukua kwa kupiga tududu."

Nilichukia. Nilimwambia mimi napiga harusi, na kwamba katika ukoo tunaotoka hatuna wadudu. Akainua mikono. "Ntakibazo, mama," akasema, hakuna neno, akanifungia kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa hapa mifuko ya plastiki ni haramu, na mimi nikatoka nikiwa nimeshinda.

Saa sita mchana nilikuwa sebuleni. Pete ikapanda kwenye kamera. Nikaileta lenzi kwa nyuma, ielekee kwenye pete. Haikuingia. Pete ilikuwa pana, lenzi ikapwaya ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Nikajaribu kuzungusha. Hakuna kilichoshikana na kingine.

"Lete," mzee akasema.

Akaipapasa pete kwa kidole gumba, akaifuata mizunguko yake polepole. Halafu akaigeuza lenzi, akapapasa mbele. Hapo mbele palikuwa na filta, kioo chembamba kilichokaa miaka yote hiyo juu ya kioo cha lenzi, kimechunika kimekuwa cha manjano. Akajaribu kuizungusha, ikagoma. Nikaleta mpira wa kiunoni, ule mpana wa sketi, nikauviringisha mara tatu tukavuta wote wawili, mimi huku yeye kule, na filta ikatoka ikilia. Kioo cha chini yake kilikuwa kisafi kama kilitengenezwa jana.

"Kazi yake ni kuumia yeye, objektifu isiumie," mzee akasema. Kisha akaichukua kamera na pete yake, akaiweka pete pale ilipotoka filta, kwa mbele, akazungusha. Ikaingia laini mpaka mwisho.

Akanipa niitazame. Nami nilikuwa nimekwisha kuona. Lenzi ilikuwa imepanda kwenye kamera, ndiyo, imeshika imara kabisa, ila imepanda nyuma mbele. Uso wake umeingia ndani na makalio yake yanautazama ulimwengu.

"Hamsini na mbili ni ya filta," akasema. "Mukazana, umepima kichwa, ukaninunulia viatu."

Nikampigia simu mwenye duka. Akanisikiliza mpaka mwisho, mstaarabu, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote ya kunishinda, jambo lililonikera zaidi. "Mama, mimi nikakuuliza maunti, ukaniambia hamsini na mbili. Hiyo ni ya firita. Maunti haina namba, iko na jina. Kila kampuni iko na yake."

Na hapo, nimesimama jikoni na simu sikioni, nikaelewa kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa napima tangu jana. Kwa mbele, lenzi inaoana na yeyote mwenye namba yake, filta ya kampuni yoyote, pete yoyote, mradi hamsini na mbili ikutane na hamsini na mbili. Kwa nyuma haijali namba. Inauliza ukoo, na isipoutambua haifungui mlango. Mimi niliyeingia kwenye ukoo huu kwa kupimwa kila kitu, mpaka namna ninavyosonga ugali, sikuweza kuliona hilo.

Pete iliyotakiwa ilikuwepo, alisema, ila kwa lenzi ya zamani kiasi hicho lazima aiagize, wiki mbili. Akanielekeza pia namna ya kuiambia kamera ikubali kupiga hata isipoitambua lenzi. "Sasa, ikiwa imegeuka hivyo, itaona karibu tu," akasema. "Karibu sana. Vidole vitatu, vine."

Nikarudi sebuleni, nikamweleza mzee. Nikamwambia atumie ile lenzi nyingine, kesho, mara moja tu, kisha Jumatatu twende. Akatikisa kichwa. "Upige simu kwa munganga. Umuambie siendi."

Nikamfokea. Mke aliyeolewa, amesimama mbele ya baba mkwe, katika nyumba ya mtu ambaye hata jina lake silitamki. Nilimwambia jicho ni lake lakini kipofu nitamwongoza mimi, nitamlisha mimi, nitamtafuta kwa vinyozi mimi. Nilimwambia binti yake amekufa na hakuna lenzi itakayomrudisha, na kwamba mtu anayekataa kuona wajukuu kwa sababu ya kipande cha chuma kilichovaa soksi hastahili macho hata hilo moja. Nilisema yote hayo. Aliinamisha kichwa akawa anaifuta lenzi kwa soksi, kwa upande wa nyuma ambao sasa ulikuwa mbele, na mimi niliona nikaenda zangu.

Nilikwenda kwenye cherehani. Nilikuwa bado nina kazi ya kumaliza: kitambaa cha begani cha bibi harusi. Mshanana wake wenyewe ulikuwa mpya, lakini kitambaa cha begani alitaka kitoke kwenye ule wa mama yake, uleule wa kwenye picha, rangi ya maziwa. Nilikwisha kukikata, bado kupinda ukingo. Nikakipitisha kwenye cherehani nikiwa na hasira, mguu mzito kwenye pedali, machozi yamejaa, na nilijua kabisa pindo linakwenda upande. Pale karibu na bega liliruka mishono miwili. Siku nyingine ningelifumua. Siku hiyo nilikata uzi, nikasema litafichwa kwenye mkunjo, hakuna atakayeliona.

Jumamosi tulikwenda Busanza, kwa kaka wa mume wangu, mjomba wa bibi harusi, ambako mahema yalikuwa yamefungwa kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba zao za ghorofa. Mzee alivaa suti, akaninyooshea shingo nimvalishe kamera. Lenzi ilikuwa imekaa vilevile, makalio nje. Sikuuliza. Tulikuwa hatujasemezana tangu jana isipokuwa kuhusu chai.

Mpiga picha wa kukodiwa alikuwepo, kijana wa watu mwenye kamera mbili kifuani na mwenzake anayerusha ile inayoruka juu kama nzi mkubwa. Wazee wa pande mbili walianza kubishana kwa mafumbo, kama inavyotakiwa, upande wetu ukijifanya hauna binti na upande wao ukijifanya umepotea njia, na watu walicheka. Katikati ya hayo mpiga picha akamwona mzee, akaiona lenzi. Akasogea, akainama, akaisoma kwa heshima kubwa. Kisha akaja kuninong'oneza.

"Maman, ile renzi ya mzee sijawahi kuiona. Ni mpya?"

"Imetoka juzi," nikasema.

Akarudi kwa mwenzake, na nikawaona wote wawili wanaitazama kwa wivu.

Bibi harusi akaletwa, kati ya wasichana wenzake, kwa mwendo ule wa taratibu. Kutoka alipokaa, mzee hakuona kitu. Niliona anageuza kichwa kufuata sauti za watu na nikajua hajui mjukuu wake ni yupi. Aliinua kamera, akaibandika jicho, akaishusha. Nilijiambia mwache, amejitakia. Lakini ukweli ni kwamba roho iliniuma mpaka nikashindwa kuimba na wenzangu.

Halafu ikafika zamu ya kusalimia wakubwa. Binti akamfikia babu yake, akamkumbatia, na mzee hakumwachia. Alimshika mkono wa juu, karibu na bega, akapapasa kitambaa kwa vidole kama anahesabu nyuzi. Alisimama hivyo kwa muda mrefu mno. Mshereheshaji akaanza kukohoa.

"Hii ni ya mama yako," mzee akasema.

"Yego, Sogokuru," binti akamjibu. Ndiyo, babu.

Mzee akainua kamera. Akaibandika pua kwenye kioo cha nyuma, pale inapoonekana picha, na akaisogeza lenzi mpaka ikawa vidole vitatu kutoka begani kwa binti. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani alilifanya maisha yake yote bila kulifikiria: akapumua, akatulia, akawa anasogeza mwili wake wote mbele na nyuma, kidogo sana, akitafuta mahali. Binti naye akatulia. Hata yule nzi wa juu nilihisi ametulia. Akabonyeza mara moja.

"Basi," akasema.

"Piga nyingine, Baba," nikamwambia. Ndilo neno langu la kwanza kwake siku hiyo, ukiondoa chai.

"Foto ni moja. Mama yake pia nilimupiga moja." Akanipa kamera. "Imetoka?"

Nikatazama. Hapakuwa na bibi harusi. Hapakuwa na bega wala mtu. Kioo kizima kilikuwa kitambaa cha rangi ya maziwa, kimekuzwa mpaka nyuzi zake zikawa nene kama ukili wa mkeka, kila moja inapita juu ya mwenzake, inaingia chini, inatoka. Na katikati, wazi kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, pindo langu la jana, limekwenda upande, mishono miwili imeruka, uzi umeachwa nje kama ndevu. Mahali palepale. Kitambaa kizima alikuwa nacho mbele yake, na lenzi iliyogeuzwa kwa kosa langu ikaenda kutua juu ya kosa langu jingine.

Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufutia. Kusema kweli kilikaa hapo kwa muda.

"Imetoka, Baba. Imetoka vizuri."

"Mimi nimeona rangi tu," akasema. "Lakini ile rangi ninaijua. Nimewapiga wote wawili." Akatafuta kiti chake kwa mkono, akakaa. "Jumatatu saa ngapi?"

Nikamwambia saa moja asubuhi. Nilishika mkono wake mbele za watu, jambo ambalo mke wa mwana hafanyi, na niliomba msamaha kwa maneno niliyoyasema Ijumaa, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda changu kibovu, na mwisho kwa kulia tu. Akasema yeye alikwisha kusahau, ila hilo la soksi asingelisahau.

Jumatatu tuliingia hospitali saa moja asubuhi. Alipokuwa ndani nilikwenda kuisafisha ile picha, kubwa kama karatasi ya ofisini, kwa sababu aliniagiza akirudi aikute ukutani, pembeni ya ya binti yake. Yule wa studio aliniuliza kama ni gunia la kahawa. Nikamwambia ni harusi.

Jumanne wakamfungua bandeji. Njia nzima kurudi Nyamirambo alikuwa amevaa miwani yao nyeusi, na mimi nilikuwa naogopa kumuuliza. Tulipoingia sebuleni akaivua. Akaenda moja kwa moja ukutani bila kushika kiti wala meza, akasimama mbele ya binti yake. Alimtazama kwa muda ambao si wangu kuueleza. Kisha akaigeukia ile ya pili, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kama alivyozoea miaka hii yote. Halafu kama mtu aliyekumbuka jambo, akarudi nyuma hatua moja. Ya pili. Ya tatu.

"Mukazana," akasema. "Mushono yako imekwenda kombo."

Nilikuwa na birika mkononi, nikaliweka chini.

"Rudi nyuma zaidi, Baba," nikamwambia.

Akarudi mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Bado," akasema. "Bado iko kombo."

Nikamwomba aseme tena.